Samaki wa Kwetu Moshi na Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudi kila wiki kwenye meza za samaki za soko la Mbuyuni, Moshi, na Kilombero, Arusha, na kila Agosti kwenye mabanda ya maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha. Yameanzia kwa mnunuzi wa kawaida, yakaishia kwa mchuuzi na kwa wenye mambo ya pembeni. Pale jibu lilipokwishatolewa, utaelekezwa swali la kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Ni samaki gani wanahesabiwa kuwa wa ndani?

Wote waliovuliwa kwenye maji ya Tanzania, hata kama wamesafiri usiku na mchana kukufikia. Sangara, sato na dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ndani. Migebuka na dagaa wa Kigoma vilevile, na changu, nguru, jodari na pweza wa ukanda wa Tanga hadi Mtwara. Kwetu kaskazini wapo perege na kambale wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, Ziwa Jipe na Ziwa Babati, ingawa watu wa mjini huwasahau kabisa wanapohesabu.

Samaki wa Unguja na Pemba nao ni wetu, ila Zanzibar ina wizara yake ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Uvuvi wa bahari kuu ndio unaosimamiwa kwa pamoja na pande zote mbili.

Asiye wa ndani ni yule wa katoni aliyegandishwa, hasa vibua. Habari zake ziko swali la 8.

2. Kwa nini serikali inahangaika kututangazia samaki? Si tuna nyama?

Tunayo, na ndilo tatizo la kwanza la mchuuzi wa samaki huku kwetu. Mgeni akifika Moshi au Arusha anapelekwa kwenye nyama choma, na familia za wafugaji zimelea watoto vizazi kwa vizazi bila samaki kuingia jikoni. Kitaifa, wizara inataja ulaji wa takriban kilo 8.5 za samaki kwa mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni kama kilo 20. Ukichukua mikoa isiyo na ziwa kubwa wala pwani, wengi hawafiki hapo.

Sababu ya lishe ni nyepesi kueleza: dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana protini, kalsiamu na madini ya chuma kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo, na udumavu wa watoto bado upo hata kwenye mikoa yenye ndizi, maziwa na mahindi ya kutosha.

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni ya kibiashara. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwanza kwa hofu ya bakteria wa salmonella, kisha kipindupindu, kisha sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Viwanda vya minofu Mwanza vilijikuta na mzigo usio na mnunuzi. Tangu hapo ukaguzi ukaimarishwa, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, Mwanza. Mvuvi mwenye mnunuzi Singida, Arusha na Moshi halali njaa kwa sababu ya tangazo lililotolewa Brussels.

3. Mbali na hotuba, serikali imefanya nini hasa?

Kuna kazi kubwa zinazoonekana. Bandari ya uvuvi Kilwa Masoko ilianza kujengwa 2023 ili meli za bahari kuu zishushe samaki nchini badala ya kuwapeleka kwingine. Shirika la Uvuvi, TAFICO, lililoanzishwa 1974 na kuja kufa miaka ya 1990, limefufuliwa. Januari 2024 Rais Samia alikabidhi Mwanza boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Soko la Feri Dar es Salaam, Mwaloni Kirumba na masoko mengine yamejengewa meza za saruji, maji na mitaro. Wizara pia ina mpango kabambe wa sekta nzima unaokwenda hadi 2036/37.

Ukiuliza vimemfikia vipi mama anayeuza samaki Pasua, jibu ni fupi: kwa mbali. Faida imeishia zaidi mwaloni na ufukweni. Katikati ya mwalo na Moshi kuna barabara ndefu, na kwenye barabara hiyo kinachohitajika ni barafu. Kwa maoni yangu, mashine moja ya barafu Mwanga au Babati ingeuza samaki wengi kuliko mabango yote ya "kula samaki kwa afya yako".

4. Nimuulize nani? Wizara, halmashauri au TBS?

Wengi hupotea hapa. Wizara ya Mifugo na Uvuvi inatunga sera na kusimamia Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake. Lakini afisa uvuvi unayekutana naye ni mtumishi wa halmashauri, anaripoti kwa mkurugenzi wake na hatimaye TAMISEMI. Kwa leseni, ushuru na ukaguzi wa sokoni, anza kwake. Kwa chakula kilichofungashwa, nenda TBS, yaani Shirika la Viwango, ambayo tangu Julai 2019 imechukua kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo. Ofisi ya Moshi haikujibu? Usikimbilie Dodoma kabla hujaonana na afisa uvuvi ana kwa ana. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kata nyingi, na simu ikiita bila kupokelewa yuko njiani.

## Sokoni

5. Samaki wa Moshi na Arusha wanatoka wapi?

Mzigo mkubwa wa sangara, sato na dagaa hutoka Mwanza kupitia Shinyanga, Singida na Babati. Wa baharini hupanda kutoka Tanga na Dar es Salaam. Perege na kambale wa Nyumba ya Mungu ndio wa karibu kuliko wote: kutoka bwawani hadi Moshi mjini ni kama kilomita 50, na aliyevuliwa alfajiri huko Lang'ata anaweza kuwa kwenye kikaango chako mchana.

Cha kushangaza, mnunuzi wa mjini humpita perege huyo mbichi akaulizia sato wa Mwanza aliyelala njiani, kwa sababu sato ni mkubwa na anapendeza kwenye sinia. Mkubwa si lazima awe mtamu. Jaribu perege wa kuchemsha na ndimu, nyanya na bilinganya kidogo, halafu uamue mwenyewe.

6. Mbona bei inapanda na kushuka kila wiki? Wanatupangia?

Wapo wanaopanga, lakini sababu nyingi ziko majini na kwenye kalenda.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haiwavuti, wavuvi wengi hupumzika na mzigo unapungua. Siku chache baadaye bei ya Kilombero inaonesha. Ukitaka kununua dagaa wa mwezi mzima, nunua wakati wa giza.

Baharini kuna upepo. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wa Tanga wanaadimika. Kaskazi ikiingia, bahari inatulia.

Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Dagaa wa Kigoma hawakupotea miezi ile, ila waliokuwepo ghalani walijua thamani yao.

Halafu kuna sisi wenyewe. Ijumaa za Kwaresima Moshi nzima inataka samaki siku moja, na kila mchuuzi analijua hilo kabla ya paroko. Desemba mambo hugeuka: watu wanarudi nyumbani kutoka Dar, ndafu inachomwa, mtori unachemka, na samaki anabaki mezani. Huo ndio wakati wa kupata nafuu kama una friza.

7. Nitamjuaje samaki mbichi? Na ni kweli wanawapaka dawa ya kuhifadhia maiti?

Fungua shavu. Matamvua yawe mekundu, si ya kahawia wala ya kijivu yenye utelezi. Jicho liwe limetokeza na angavu. Likizama au kuwa na ukungu, ameshakaa. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi juu, sawa. Harufu ya samaki mbichi ni ya maji, si ya kukuvuta pua ukiwa hatua tatu mbali. Samaki akikatwa kichwa kabla hajafika mezani, jiulize kwa nini wamekuondolea ushahidi.

Kuhusu fomalini, hiyo dawa hairuhusiwi kwenye chakula na ukiona dalili mpe taarifa afisa uvuvi au afisa afya wa kata. Lakini uvumi wenyewe umezidi kiasi. Watu husema "hata inzi hawamgusi, huyo ana dawa", kumbe samaki yuko kwenye barafu na inzi hapendi baridi. Kosa lililo la kawaida ni la kinyume: samaki hana barafu ya kutosha. Kwa joto la kwetu inatakiwa kama kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na mchuuzi anayebeba vipande viwili juu ya tenga lililojaa anajidanganya.

Samaki kama vibua na jodari wana hatari ya pekee. Wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, inayoleta uso kuwaka, vipele na kichwa kuuma muda mfupi baada ya kula. Kupika hakuiondoi. Kwa hao, usikubali punguzo la bei la jioni.

8. Vibua wa katoni kutoka nje ni wabaya?

Si wabaya kwa kuwa wametoka nje. Walioingia kihalali wana vibali na wamepimwa. Mwaka 2011, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia Fukushima, kulikuwa na taharuki nchini juu ya samaki wa Japani kuwa na mionzi. Upimaji wa mionzi kwenye vyakula ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo maabara yake iko hapa hapa Njiro, Arusha, jambo ambalo wakazi wengi wa Njiro hawalijui.

Hoja dhidi ya katoni ni nyingine. Samaki wa bei ya chini wa kugandishwa anambana mvuvi wa Tanga na wa Mwanga kwenye soko ambalo angelimudu. Tena barabarani huyeyuka, akagandishwa tena, akayeyuka tena. Ukiona barafu nyingi imeshikana ndani ya mfuko na samaki amepinda, hiyo ndiyo historia yake.

9. Dagaa wana mchanga. Hakuna wasio na mchanga?

Wapo. Mchanga unatokana na kuanikwa chini ufukweni. Dagaa walioanikwa kwenye chanja, yaani meza ya wavu iliyoinuliwa, hawana mchanga, wanakauka upande wote na hawaozi kirahisi mvua ikinyesha. Wizara imekuwa ikiwahimiza wakaushaji watumie chanja na vikaushio vya jua, kwa sababu mzigo mkubwa wa dagaa hupotea msimu wa mvua, na unaoharibika huishia kwenye chakula cha kuku. Uliza muuzaji moja kwa moja: "Ni wa chanja?" Bei yao iko juu kidogo. Ukihesabu maji na muda wa kuosha mara nne, tofauti si kubwa.

## Nyumba ya Mungu na Jipe

10. Kwa nini bwawa linafungwa wakati watu wanahitaji kula?

Bwawa hili lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, kwa ajili ya umeme na kudhibiti maji ya Pangani. Samaki walikuja kuwa neema ya ziada. Miaka michache baada ya kujaa, karibu na 1970, lilitoa zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka. Watu walihamia kutoka mikoa ya mbali kuvua. Kisha mavuno yakaporomoka na hayajawahi kurudi pale.

Makokoro, yaani nyavu za kukokota, nyavu za macho madogo na kuvua kwenye mazalia ndivyo vilivyofanya kazi hiyo, pamoja na kupungua kwa maji. Ndiyo maana bwawa limewahi kufungwa zaidi ya mara moja, na kila likifunguliwa perege wa wiki za mwanzo huwa wakubwa kiasi cha kumfanya mtu adhani wametoka Mwanza.

Kulifunga kunaumiza, na hakuna haja ya kupamba. Familia za Lang'ata na Kagongo hazina shamba la akiba. Lakini mwenye kulaumu serikali kwa kufunga na huku ananunua perege wa kidole kimoja Kiboriloni, naye yumo kwenye kesi. Linalokosekana, kwa maoni yangu, ni taarifa mapema sokoni. Mchuuzi wa Moshi husikia bwawa limefungwa siku tenga linaporudi tupu.

11. Samaki wadogo wana kosa gani kama wanaliwa?

Kisheria wana kosa. Kwa Ziwa Victoria, sangara asipungue sentimita 50 na sato asipungue 25. Anayekutwa na wadogo, hata akiwa mchuuzi wa mwisho mjini, anaweza kunyang'anywa mzigo na kutozwa faini. Dagaa hawahusiki, maana ukubwa wao ndio huo. Kwa perege wa kwetu, muulize afisa uvuvi kiwango cha bwawa husika.

Perege wa asili wa bonde la Pangani, yule anayejulikana kwa jina la Ziwa Jipe, ni wa bonde hili peke yake na yuko hatarini kutoweka. Hilo pekee lingetosha kuwa tangazo.

## Kwa anayetaka kuuza

12. Nataka kuanza biashara ya samaki. Nahitaji nini?

Leseni ya biashara ya samaki kutoka halmashauri, upimaji wa afya, na ukisafirisha kutoka wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kinachotolewa ulikonunua pamoja na risiti ya ushuru. Hiyo karatasi usiiache kwenye basi. Kizuizi cha barabarani hakijui maelezo, kinajua kibali, na saa mbili za kujieleza juani zinatosha kuharibu tenga zima. Nimeona mzigo mzuri wa Babati ukimwagwa kwa sababu ya karatasi iliyosahaulika kwa kondakta.

Kabla ya kibali, hesabu barafu (swali la 7). Sanduku lenye ukuta mnene, hata la kutengenezwa na fundi, lina faida kuliko ndoo tatu za plastiki.

13. Kuna mkopo?

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti, na kiandike mradi unaoeleweka. "Friza mbili na pikipiki ya kusambaza Soweto na Majengo" inapita kirahisi kuliko "biashara ya samaki". Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, nayo inahudumia uvuvi, ila kwa miradi mikubwa zaidi.

14. Nafungasha dagaa wa kukaanga nyumbani. Naweza kupeleka madukani?

Utahitaji alama ya TBS. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho. Mjasiriamali mdogo aliyepitia hapo huanza bila kulipia gharama za alama. Wakaguzi wataangalia jiko, maji, mafuta unayorudia na tarehe kwenye lebo. Andika dagaa ni wa wapi. Wanunuzi wa Arusha wameanza kuuliza.

15. Hoteli za watalii zinakataa samaki wangu. Kwa nini?

Mara nyingi si kiburi. Mpishi wa hoteli anahitaji minofu ya uzito uleule kila Jumanne, ankara, na uthibitisho kuwa samaki hakuacha baridi njiani. Wewe unaleta perege wazuri leo, kesho hupokei simu. Wachuuzi watano wakiungana wakawa na friza moja na mtu mmoja wa kupokea oda, mlango unafunguka. Anza na migahawa ya kawaida na kantini za vyuo. Wanalipa kidogo lakini hawana masharti ya gramu.

16. Nane Nane inasaidia kitu, au ni maonesho tu?

Inasaidia anayekwenda na maswali. Themi hukusanya Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuanzia 1 hadi 8 Agosti, na maafisa unaowatafuta mwaka mzima wanakuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri mtu. Nenda siku za katikati. Tarehe 8 ni ya wageni rasmi na foleni.

## Maswali ya pembeni

17. Naweza kuvusha perege Holili kwenda Taveta?

Ndiyo, ukiwa na kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya cha mazao ya uvuvi. Utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unapunguza ushuru na makaratasi ya forodha; hauondoi cheti cha afya. Njia za panya zinajulikana na askari wa pande zote mbili.

18. Samaki wa kufuga naye anauzwa kama wa ndani?

Anauzwa, na masharti ya sokoni ni yale yale ya swali la 12. Tahadhari ni ya mahali pa kufugia. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Bwawa la Marangu juu litakupa samaki wa saizi ya kiganja baada ya mwaka. Shuka Kahe, Mabogini au Chekereni.

19. Kuna vitu vya baharini ambavyo sipaswi kununua kabisa?

Kasa, kwa nyama wala kwa gamba. Analindwa, na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024 watu tisa, wanane wakiwa watoto, walifariki Pemba baada ya kuila. Bunju vilevile ana sumu. Kwenye maduka ya vinyago Arusha, matumbawe na makome makubwa yasiyo na karatasi yatamletea mgeni wako shida uwanja wa ndege, na wewe uliyemuuzia utatafutwa.

20. Nimeuziwa samaki mbovu. Nilalamike wapi?

Rudi kwa muuzaji siku hiyohiyo ukiwa na samaki mwenyewe, si maelezo tu. Asipokusikiliza, nenda ofisi ya soko, kisha afisa afya wa kata. Kama mtu ameugua, peleka mabaki yaliyohifadhiwa kwenye baridi hospitalini pamoja na mgonjwa. Kwa bidhaa yenye lebo, piga picha ya namba ya toleo na tarehe, upeleke TBS.